Njia za Siri za West Nile: Majasusi, Silaha na Uvumi Kati ya Arua na Koboko

Wilaya ya Koboko, katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inakomea Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana. Wakakwa wanaishi pande zote tatu, na Walugbara wako Uganda na Kongo. Mtu wa Koboko huvuka Oraba kwenda Kaya, naye wa Arua huvuka Vurra kwenda Aru au Ariwara, kwa sababu ya soko, msiba au harusi. Anayezungumza Kikakwa, Kinubi, Lingala au Kiswahili hamshangazi mtu hapa. Kwa wenyeji huo ni ujirani. Kwa idara za ujasusi za nchi za mbali, katika miaka ya 1960, ulikuwa mlango wa kupitia bila kubisha hodi.

Wa kwanza kuupitia walitokea vita vya Kongo. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, Kisangani ya leo. Marekani haikutaka waonekane wanajeshi wake wakipigana humo, kwa hiyo shirika lake la ujasusi, CIA, liliipatia serikali ya Kongo ndege za kivita na marubani Wakyuba waliomkimbia Fidel Castro. Mpango huo ulikuwa na hesabu yake: ndege ilikuwa na alama za Kongo, rubani hakuwa Mmarekani, na Washington ingeweza kukana lolote.

Uganda nayo ilikuwa na siri yake. Waziri Mkuu Milton Obote aliwaunga mkono Simba, akamkabidhi shughuli hiyo Idi Amin, afisa wa jeshi ambaye ukoo wa baba yake ni wa Wakakwa wa Koboko. Arua ikawa kituo cha mawasiliano na waasi, na dhahabu na pembe za ndovu zikavushwa kutoka Kongo ili zigharimie silaha. Tarehe 13 Februari 1965 ndege zilizotoka Kongo zilipiga mabomu Paidha na Goli, vijiji vya Waaluri upande wa kusini wa West Nile. Obote aliilaumu Marekani waziwazi, na mjini Kampala waandamanaji walikwenda kwenye ubalozi wake.

Kilichofuata kilionyesha jinsi siri inavyoweza kuiumiza serikali yenyewe iliyoitunza. Obote hakuwa amelieleza bunge mambo ya Simba. Tarehe 4 Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng aliwasilisha hoja bungeni akitaka Amin achunguzwe kuhusu dhahabu ya Kongo, na akawatuhumu wakubwa serikalini kuwa wamenufaika nayo. Kabla mwezi haujaisha Obote alikwisha kuwakamata mawaziri watano na kuisimamisha katiba. Amin, aliyekuwa ameagizwa aende likizo kwa hoja hiyo, alipandishwa cheo. Mgogoro wa 1966 husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa Obote na Kabaka wa Buganda, lakini chanzo chake kimoja kilikuwa magari yaliyopita usiku kwenye barabara za Arua.

Simba waliposhindwa, baadhi ya bunduki zao ziliingia kusini mwa Sudan na kuangukia mikononi mwa Anyanya, wapiganaji walioanza vita vyao dhidi ya Khartoum mwaka 1963. Jina lao linahusishwa na neno la Kimadi la sumu ya nyoka. Kiongozi wao wa kijeshi, Joseph Lagu, mwenyewe Mmadi, aliiona Vita ya Siku Sita ya 1967 akamwandikia Waziri Mkuu wa Israel, Levi Eshkol. Hoja yake ilikuwa rahisi: jeshi la Sudan likishughulishwa kusini, halitapata nafasi ya kuisaidia Misri.

Mossad iliikubali hoja hiyo. Mwaka 1969 kikundi kidogo cha Waisraeli kikiongozwa na David Ben-Uziel kiliingia msituni, na ndege zikaanza kudondosha silaha kwa miavuli karibu na Owiny-Kibul, mashariki ya Nile. Nyingi zilikuwa silaha za Kirusi zilizotekwa kwa majeshi ya Kiarabu, zisizoweza kumtaja aliyezitoa. Hapa kuna jambo linalosahaulika: bunduki zilipitia kwa Lagu peke yake, hivyo makamanda waliokuwa wamegawanyika kwa makabila na vyama walilazimika kumfuata. Vuguvugu lililoshindwa kuungana kwa mikutano liliungana kwa foleni ya risasi.

Sambamba na silaha vilikwenda vita vya kisaikolojia. Kwa miaka mingi Khartoum iliwaita Anyanya wahalifu wa porini. Ben-Uziel alipiga picha nyingi kambini, na wapiganaji walionekana katika picha hizo wakiwa na sare na nidhamu. Mjini London, kuanzia 1970, Enoch Mading de Garang alihariri jarida la The Grass Curtain, lililoieleza dunia madai ya kusini. Askari wa Sudan aliyezingirwa katika ngome yake alisikia ndege usiku bila kujua inabeba nini wala ni ya nani, na kutojua huko kulikuwa sehemu ya shambulio.

Njia hizo zilihitaji Uganda ifumbe macho. Jaafar Nimeiry alipotwaa madaraka Khartoum, Mei 1969, Obote alimsogelea na kuanza kuwapa Waisraeli kisogo. Rolf Steiner, mamluki wa Kijerumani aliyekuwa na Anyanya, alikamatwa Uganda na kukabidhiwa Khartoum Januari 1971. Amin alishika njia tofauti. Aliwasaidia Waisraeli, akawaingiza watu wa kusini mwa Sudan katika jeshi la Uganda, na alikuwa rafiki wa Kanali Baruch Bar-Lev, aliyeongoza ujumbe wa kijeshi wa Israel. Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Obote.

Urafiki huo haukudumu. Tarehe 27 Februari 1972 Mkataba wa Addis Ababa ulivimaliza vita vya Anyanya. Mwezi uliofuata Amin, aliyekuwa amekwisha kupata rafiki mpya nchini Libya, aliwafukuza Waisraeli.

Kilichobaki ni mbinu. Idara ya ujasusi ya Amin, State Research Bureau, yenye makao yake Nakasero, ilitumia hofu kama silaha: watu walichukuliwa mchana, wakatiwa kwenye buti za magari mbele ya macho ya wapita njia, na ndugu zao hawakupewa jibu. Wengi katika idara hiyo walikuwa Wanubi, Wakakwa na Wasudani, na ndipo uvumi ulipofanya ukatili wa pili. Neno Anyanya likageuka kule kusini mwa Uganda kuwa jina la kumtukana yeyote mwenye asili ya West Nile, hata mkulima wa mihogo ambaye hakuwahi kuiona Kampala.

Malipizi yalikuja baada ya Amin kuanguka, 1979. Wanajeshi wake wa zamani walishambulia Koboko na Arua Oktoba 1980, na jeshi jipya, UNLA, likawaadhibu raia. Mamia ya maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Kosa la raia hao lilikuwa mahali walipozaliwa.

Katika miaka ya 1990 njia zilezile zilitumika kwa kurudi nyuma. Uganda iliisaidia SPLA, jeshi la waasi wa kusini mwa Sudan. Khartoum nayo ikayapa silaha makundi ya waasi wa Uganda: West Nile Bank Front ya Juma Oris, aliyewahi kuwa waziri wa Amin, na baadaye UNRF II ya Ali Bamuze. Mabomu ya kutegwa yaliifanya safari ya Arua hadi Koboko kuwa ya kubahatisha. Machi 1997 SPLA, ikisaidiwa na jeshi la Uganda, iliteka Kaya na Yei, na kundi la Oris likasambaratika. UNRF II ilitia saini mkataba wa amani na serikali huko Yumbe, tarehe 24 Desemba 2002.