Mwasumini (Jasminum sambac)

Mwasumini ni kichaka cha maua meupe yenye kunukia, cha familia ya mzeituni (Oleaceae), ambacho hakipukutishi majani yote kwa pamoja. Asili yake ni Asia ya Kusini, hasa India na vilima vya mashariki ya Himalaya. Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina Nyctanthes sambac. William Aiton akauhamishia kwenye jenasi Jasminum mwaka 1789. Hapa unaelezwa kwa kuzingatia mazingira ya Pasiansi, kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, karibu na Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa huku una ubaridi kuliko wa Unguja au Mombasa, ambako mmea huu ni wa nyumbani kwa vizazi vingi.

Kimo chake ni kati ya nusu mita na mita 3. Matawi machanga yana vinyweleo na hupenda kuegemea ukuta au uzio. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, pengine matatu kwenye kifundo kimoja. Ni ya umbo la yai, urefu wa sentimita 4 hadi 12, yenye kikonyo kifupi. Ukiligeuza jani utaona vishungi vidogo vya vinyweleo kwenye kwapa za mishipa. Alama hiyo inafaa kukumbukwa, maana kichaka kisicho na ua hakinukii, na hapo ndipo wengi hupotea.

Maua hutoka nchani mwa tawi, moja hadi matano, mara nyingi matatu, na la katikati hutangulia kuchanua. Kikombe kina ncha nyembamba 7 hadi 9. Mrija wa ua una sentimita moja hivi, na stameni zake mbili zimejificha humo ndani. Tumba hufunguka jua linapozama. Kesho yake ua hulegea na weupe wake huingiwa na zambarau hafifu kabla ya kudondoka. Ndiyo maana wanaotunga koja huchuma matumba alasiri, yakiwa bado yamefumba.

Aina zinazopandwa hutofautishwa kwa petali. Ile iitwayo Maid of Orleans ina safu moja ya petali pana, nayo huchanua kwa wingi. Belle of India ina petali nyembamba zilizozidiana. Grand Duke of Tuscany ina petali nyingi zilizobanana mfano wa waridi dogo. Husimama wima, hukua polepole, na majani yake mara nyingi huwa matatu matatu. Hiyo ya mwisho inapendeza kwenye chungu, lakini kwa koja na kikuba haiifikii ile ya safu moja.

Tunda, likitokea, ni dogo, jeusi la zambarau. Hutokea kwa nadra sana, kwani baadhi ya aina zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na mbegu haziwezi kukamilika. Kwa hiyo mwasumini huzalishwa kwa vipandikizi: kipande cha tawi lililokomaa kiasi, chenye vifundo vitatu au vinne, huchomekwa kwenye udongo wenye unyevu kivulini.

Miamba ya itale iliyozagaa Mwanza hutoa udongo wa kichanga, usiotuamisha maji. Mizizi huupenda, ila udongo huo hukauka upesi kiangazi cha Juni hadi Septemba, na wakati huo utitiri mwekundu hushambulia majani. Samadi na kumwagilia maji husaidia. Kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya, wakati mzuri wa kupogoa ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli.

Harufu yake ina linaloli, kiambata kilichomo pia katika mrehani, na wanawake wa pwani huunganisha mwasumini na mrehani katika kikuba. China hutumia maua haya kunukizia chai. Ufilipino iliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia ikautaja kuwa miongoni mwa maua yake ya taifa mwaka 1990.

Afrika ina jamaa zake wa porini. Jasminum fluminense ni wa bara hili, japo jina lake linatokana na Rio de Janeiro, alikoelezwa mara ya kwanza. Kila jani lake lina vijani vitatu. Vichaka vingine hufanana nao kwa maua meupe tu: mtandamboo (Carissa) wenye miiba, uotao kwenye vilima vya mawe, na Tabernaemontana divaricata wa bustanini, nao pia ni wa kutoka Asia. Anayenunua mche usio na ua akate jani moja: likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini.