Wimbo Usiosomeka: Historia ya Bendi ya Cocteau Twins, 1979–1997

Katika masomo ya historia tumezoea kuuchukua wimbo kama hati. Tunauandika, tunautafsiri, kisha tunatafuta ndani yake habari za watawala, vita, njaa na mapenzi. Njia hiyo imetusaidia sana kuandika historia ya jamii ambazo hazikuacha maandishi mengi. Lakini mwanahistoria afanyeje anapokutana na wimbo ambao maneno yake hayaeleweki hata kwa watu wanaozungumza lugha moja na mwimbaji? Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuatilia maisha ya Cocteau Twins, bendi ya Scotland inayohesabiwa miongoni mwa waasisi wa mtindo unaoitwa popu ya ndoto. Hoja yangu ni kwamba pale maneno yanaposhindwa kutueleza, tunaweza kuuliza mji, vifaa, mkataba na nyumba.

Tuanze na mji. Grangemouth uko kando ya ghuba ya Forth, na tangu mwaka 1924 hadi mwaka 2025 ulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta. Ni mji wa mabomba na mabohari, si mji wa kumbi za muziki. Hapo ndipo Robin Guthrie, mpiga gitaa, na Will Heggie, mpiga besi, walipoanzisha bendi mwaka 1979, wakachukua jina lake kutoka katika wimbo wa zamani wa wenzao wa Scotland, Simple Minds. Baadaye walimpata Elizabeth Fraser, msichana ambaye hakuwa mwimbaji wa kazi, aliyekutana na Guthrie katika disko la hapohapo mjini. Hawakuwa na mpiga dramu. Badala yake walitumia mashine ya dramu, na Guthrie akalipitisha gitaa lake katika vifaa vingi vya kubadili sauti, hadi nyuzi chache zikasikika kama ukuta mzima wa muziki. Wasikilizaji wengi waliita sauti hiyo ya mbinguni. Mimi naona ilianzia katika upungufu: watu watatu wakitafuta namna ya kujaza nafasi ya wale waliokosekana.

Chanzo cha pili ni mkataba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uingereza ilikuwa na kampuni nyingi ndogo za kurekodi zilizojitenga na kampuni kubwa, na bendi za kampuni hizo ndizo zilizoitwa bendi huru. Mojawapo ilikuwa 4AD, iliyoanzishwa London mwaka 1980 na Ivo Watts-Russell pamoja na Peter Kent. Kanda ya vijana wa Grangemouth ilimfikia Watts-Russell, na mwaka 1982 kampuni hiyo ikatoa albamu yao ya kwanza, *Garlands*. Mwaka uliofuata Heggie aliondoka. Guthrie na Fraser, ambao wakati huo walikuwa wapenzi, wakarekodi *Head over Heels* wakiwa wawili tu. Kisha akajiunga Simon Raymonde, na mwaka 1984 ikatoka *Treasure*. Mfululizo huu unaonyesha jambo moja: katika miaka mitatu bendi ilipoteza mtu, ikapata mwingine, na kampuni iliendelea kutoa kazi zake. Sidhani kwamba kampuni iliyotegemea kuuza mamilioni ya nakala ingekuwa na subira hiyo kwa bendi isiyo na mpiga dramu na yenye nyimbo zisizoimbika na umati.

Sasa tuyarudie maneno yenyewe. Fraser alieleza katika mahojiano kwamba alikuwa akichukua maneno katika vitabu na kamusi za lugha asizozijua, akiyachagua kwa mlio wake. Mengine aliyaunda mwenyewe. Hapa msomaji anaweza kuniambia kwamba jambo hili si geni: hapa Kampala watu wamecheza nyimbo za Kilingala kwa miaka mingi bila kuelewa nusu ya yanayoimbwa. Ni kweli, lakini mifano hii miwili haifanani. Wimbo wa Kilingala una maana kamili kwa Mkongo, na asiyeelewa anaweza kumwuliza jirani. Kwa nyimbo nyingi za Fraser hakuna jirani wa kuulizwa. Mwanahistoria anayeng'ang'ania kuzitafsiri atajikuta anaandika mawazo yake mwenyewe na kuyaita ushahidi.

Vifaa, kwa upande mwingine, vina ushahidi unaofuatilika. Rudy Tambala na Alex Ayuli, vijana wawili weusi wa London mashariki, waliiona Cocteau Twins kwenye televisheni. Tambala amesimulia kwamba kilichowashtua ni kuona bendi isiyo na mpiga dramu, inayotegemea kanda na mitambo, na kwamba papo hapo walijiona nao wanaweza. Wakaanzisha A.R. Kane, na mwaka 1987 Guthrie mwenyewe akasimamia kurekodiwa kwa kazi yao iliyotolewa na 4AD. Jina la popu ya ndoto linahusishwa na Ayuli. Kwa hiyo jina la mtindo lilikuja miaka kadhaa baada ya muziki wenyewe, na halikutolewa na waliouanzisha. Tena, kilichorithiwa hapa hakikuwa ujumbe wa mashairi, bali ni namna ya kufanya kazi.

Chanzo cha mwisho, na kigumu zaidi, ni nyumba. Mwaka 1989 Fraser na Guthrie walipata binti. Mwaka 1990 Raymonde alifiwa na baba yake, aliyekuwa mtunzi na mpangaji wa muziki. Wakati huohuo Guthrie alikuwa amezama katika dawa za kulevya. Katikati ya furaha, msiba na uraibu walirekodi *Heaven or Las Vegas* katika studio yao ya Twickenham, na mwaka huohuo albamu hiyo ikafika nafasi ya 7 katika chati za Uingereza. Lakini uhusiano wao na 4AD ulikuwa umeharibika, nao wakahamia Fontana, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa. *Four-Calendar Café* ilipotoka mwaka 1993, maneno ya Fraser yalikuwa yanasikika waziwazi kuliko zamani, na uhusiano wake na Guthrie ulikuwa umevunjika. Inashawishi kusema kwamba alianza kutamka kwa sababu sasa alikuwa na la kusema. Tarehe zinakubaliana na wazo hilo, ila tarehe kukubaliana si sawa na sababu kuthibitika. Baada ya *Milk & Kisses* ya mwaka 1996, bendi ilivunjika mwaka 1997 ikiwa katikati ya kurekodi albamu nyingine.

Mwaka huohuo Raymonde na Guthrie walianzisha kampuni ndogo ya kurekodi, Bella Union, ambayo Raymonde aliendelea kuiongoza. Miaka kumi na zaidi baadaye ndiyo iliyotoa barani Ulaya albamu za Beach House, bendi ya Baltimore inayoendeleza mtindo huohuo. Yaani bendi ilikufa, lakini mfumo wa kampuni ndogo uliowalea ukabaki mikononi mwao.

Funzo kwetu ni la kiutendaji. Tunapokusanya historia ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, hukimbilia mashairi. Ni mara chache tunauliza vyombo vilikuwa vya nani, ingawa swali hilo ni zito kwa bendi kama NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyokuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mikataba, risiti na kanda za mazoezi zinatupwa wazee wanapofariki. Mashairi yataendelea kuimbwa hata tusipoyaandika leo, lakini karatasi za bendi zikishatupwa hatutazipata tena, na ndizo zinazopaswa kukusanywa kwanza.