Kwa nini fukusi wa kunde hamalizi maharage yako?

Bila shaka umewahi kufungua debe la maharage miezi michache baada ya mavuno ukakuta punje zina matundu ya mviringo na unga umejaa chini. Swali linaloulizwa sana ni hili: fukusi wameingiaje wakati debe lilifunikwa vizuri?

Jibu ni kwamba mara nyingi umewabeba mwenyewe kutoka shambani. Fukusi wa maharage ni mbawakavu mdogo. Jike hutaga mayai kwenye maganda yanayokauka, au katikati ya punje zilizohifadhiwa. Yai likianguliwa, buu hutoboa punje na kula ndani hadi akomae. Lile tundu unaloliona ni mlango wa kutokea. Ukiliona, hasara imeshapatikana.

Punje nayo hujilinda

Mmea hauwezi kukimbia adui, kwa hiyo hujilinda kwa kemikali. Punje ya maharage ina protini inayozuia baadhi ya wadudu wasimeng'enye wanga. Buu wa fukusi wa kunde akiingia humo hula, lakini chakula hakimfai, na hufa katikati ya shibe. Ndugu wa protini hiyo ndiye humsumbua tumbo mtu anayekula maharage yasiyoiva.

Fukusi wa maharage hazuiwi na protini hiyo. Si kwamba alijifunza. Asili ya maharage ni bara la Amerika, na asili ya fukusi huyu ni hukohuko. Kwa maelfu ya miaka, fukusi walioshindwa kumeng'enya punje walikufa, na walioweza walizaana. Kwa upande wa pili, mimea iliyokuwa na kinga kali zaidi ndiyo iliyobakiza mbegu nyingi. Kila mmoja akambadilisha mwenzake. Wataalamu huita hali hii mageuzi ya pamoja.

Kunde ni zao la Afrika, na fukusi wake ni wa Afrika. Maharage yaliletwa kwetu kwa meli kuanzia karne ya 16, na fukusi wake akasafiri ndani ya punje.

Kinga iliyobaki porini

Miaka ya 1980, watafiti walichunguza maharage pori ya Meksiko na kukuta baadhi yana protini nyingine ambayo haimo katika maharage tunayolima. Waliiita arselini, kutokana na mji wa Arcelia nchini humo. Wazalishaji wa mbegu wameiingiza katika maharage ya kawaida kwa kuchavusha aina hizo mbili.

Hata hivyo, zipo spishi mbili kubwa za fukusi wa maharage. Arselini humkomesha vizuri yule anayegandisha mayai juu ya punje. Yule anayeyaacha huru katikati ya punje huivumilia zaidi. Mashindano bado yanaendelea.

Nyumbani ufanye nini?

Buu mchanga wa huyu wa pili ana udhaifu mmoja: akitoboa punje huhitaji kujiegemeza kwenye punje ya jirani, na kazi hiyo humchukua saa nyingi. Punje zikihamahama, hupoteza mahali alipoanzia na hufa kabla ya kuingia.

Kwa hiyo, mara baada ya kupura, kausha maharage vizuri na uyapepete. Yaweke kwenye chombo cha mviringo chenye mfuniko, kisijae, kiwe nusu tu. Kibingirishe asubuhi na jioni kila siku. Watafiti waliojaribu njia hii waliona fukusi wakipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa mavuno mengi, tumia mifuko isiyopitisha hewa: fukusi waliomo ndani hukosa hewa na kufa.

Anza mapema. Buu akishaingia ndani ya punje, kubingirisha hakumfikii tena.