Wakwe wa Unyanyembe na Kazi ya Pwani

Wafanyabiashara wa pwani waliooa Unyanyembe, utemi mmoja wa Unyamwezi, katikati ya karne ya 19 walihamia bara kwa njia ya ndoa, lakini riziki yao ilibaki imefungamana na miji walikotoka. Pembe za ndovu zilikuwa bara. Nguo, shanga, nyaya za shaba, baruti na mtaji wa kuvinunulia vyote hivyo vilikuwa Zanzibar. Mtu aliyejenga tembe lake karibu na Kaze, yaani Tabora ya leo, akapata mke, mashamba na wakwe, alilazimika kushuka pwani kila baada ya muda, akafanya kazi huko kwa miezi kadhaa, kisha akapanda tena kurudi kwake. Nyumbani kwa kuzaliwa pakageuka mahali pa kwenda kikazi.

Kaze ilianza kuwa makao makuu ya Waarabu mwanzoni mwa miaka ya 1850, baada ya wengi wao kuhama Msene, upande wa magharibi. Ilikuwa njia panda. Barabara ya kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo, ikaingia Unyamwezi kwa kupitia Tura na Rubuga. Kutoka Kaze njia moja ilikwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walitoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze tarehe 7 Novemba, wakapokewa na Snay bin Amir, mmoja wa matajiri wa hapo. Wageni hao walikuta nyumba za udongo zenye dari bapa na ua wa ndani, bustani za vitunguu na matunda, mashamba ya mpunga na ngano. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, kwa kuwa misafara ileile iliyobeba pembe ilisafirisha pia binadamu. Huo ulikuwa mji wa watu walionuia kukaa.

Ndoa ilikuwa ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kukaa. Mgeni asiye na jamaa alikuwa mateka wa bei na wa mtemi. Mkwe alikuwa na watu wa kumsemea. Katika himaya za Wanyamwezi, mtemi alikuwa na haki ya pembe moja ya kila ndovu aliyeuawa katika ardhi yake, kwa hiyo mtu aliyeingia katika ukoo wa mtemi alijisogeza kwenye chanzo chenyewe cha mali. Ni lazima kutenganisha ndoa hizi na nyumba za masuria, wanawake watumwa ambao hawakuwa na ukoo wa kuwatetea wala mahari ya kuwapa hadhi. Binti wa mtemi aliolewa akiwa na baba, kaka na wajomba karibu, na mume ndiye aliyekuwa mgeni.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Muhammad bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Alikuwa na mke Zanzibar, mama yake Tippu Tip, na Unyanyembe alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Aliweka makao yake Ituru, karibu na Tabora. Tippu Tip, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili, anamweleza baba yake kama mtu mwenye nguvu kubwa Unyanyembe. Kijana huyo alikulia Zanzibar, akaanza kwa biashara ndogo ya sandarusi huko Mrima, yaani pwani ya bara. Alipofikia umri wa miaka 18 hivi, baba yake alishuka kutoka bara, akamchukua. Picha hiyo inaeleza mengi kuhusu nyumba za aina hii. Baba alionekana pwani kama msafiri mwenye shughuli, na mwana aliyetaka kuishi naye ilibidi amfuate Unyamwezi.

Kazi yenyewe ya pwani ilikuwa nzito, tena ya kupangwa kwa majira. Pembe zilipofika zilivushwa kwa jahazi hadi Unguja, zikapimwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi, na kulipiwa ushuru forodhani. Forodha hiyo Sultani aliikodisha, na kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Sewji. Baada ya hapo mfanyabiashara alifanya hesabu na tajiri wake. Misafara mingi ilikopeshwa bidhaa na Wahindi wa Zanzibar. Taria Topan, kwa mfano, ndiye aliyekuwa mdhamini mkuu wa Tippu Tip. Deni la safari iliyopita lilikatwa kwanza, kisha mkopo mpya ukaandikwa: majora ya merikani, kaniki, shanga za rangi inayotakiwa mwaka huo. Kosa katika rangi ya shanga liliweza kuua faida ya safari nzima, maana watu wa bara walikuwa na mitindo yao na hawakupokea chochote tu. Merikani ililetwa na meli za Salem, Marekani, na vyombo vya matanga vilifuata pepo za kaskazi na kusi.

Deni ndilo lililoamua nani arudi pwani na nani asirudi. Aliyekuwa na pembe za kutosha alishuka, akalipa, akapanda tena akiwa na heshima yake. Aliyefilisika alibaki bara, akajificha nyuma ya umbali, na huko wakwe wakawa ndio kinga yake. Kwa mtu wa namna hiyo ndoa ya Unyanyembe ilikuwa makazi ya kudumu kweli, hata kama hakuwa amekusudia.

Muda wa kukaa pwani uliwategemea pia wapagazi, na wapagazi walikuwa Wanyamwezi wenye mashamba yao. Wengi walishuka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wakataka kuwa wamerudi kabla ya mvua za Novemba kuanza. Bagamoyo ilijaa maelfu yao wakati wa msimu. Walijenga vibanda vyao pembezoni mwa mji na kungoja mizigo. Ujira wao ulipimwa kwa doti za nguo, na kila doti ni mikono minane. Mwenye msafara aliyechelewa kumaliza hesabu zake Unguja alikuta wapagazi wamekwisha kujiunga na mwingine, naye akalazimika kungoja. Kwa hiyo tajiri mwenye bunduki na watumwa alitawaliwa na kalenda ya mkulima wa mtama. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, ilhali ndilo lililoendesha barabara yote.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa na mkondo wao wa aina hiyohiyo. Msiri, mwana wa Kalasa, alitoka Usumbwa akaenda Katanga katika miaka ya 1850, akajiimarisha huko kwa biashara, kwa silaha na kwa kuoa katika koo za watawala wenyeji, hata akasimamisha dola la Wayeke lenye makao Bunkeya. Misafara ya shaba na pembe ilirudi mashariki kutoka huko, ikipita nchi ya asili ya wenye mali. Msiri aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kizungu ulioongozwa na Stairs. Hata Mzungu alijifunza njia hiyo: Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kama mtumishi wa misheni ya Kianglikana ya CMS, alimwoa Limi, wa ukoo wa mtemi wa Usongo, na kwa undugu huo akapata wapagazi ambao wenzake walihangaika kuwatafuta.

Kinga ya ndoa ilikuwa na gharama yake. Fundikira alipokufa mwishoni mwa miaka ya 1850, utemi ulimwendea Mnywa Sele, ambaye alitaka kuwatoza Waarabu kodi. Vita vikazuka mwaka 1860; wafanyabiashara wakamweka Mkasiwa kitini, Mnywa Sele akageuka mtemi wa porini, na Snay bin Amir akauawa vitani. Mkwe wa ukoo unaogombania kiti hakuweza kukaa kando. Miaka kumi baadaye mtemi Mirambo wa Urambo alifunga njia ya Ujiji, na safari za biashara zikawa hatari upya.

Muhammad bin Juma alifariki mwaka 1881. Wajerumani waliivunja ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe mwezi Januari 1893, na pembe zikaanza kufuata njia za utawala mpya. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyokula miezi mitatu au minne ikawa ya siku chache, mzigo wa mpagazi ukahamia kwenye behewa, na wana wa Unyamwezi wakaanza kushuka tena kuelekea pwani, safari hii wakiwa manamba wa mashamba ya mkonge.