Sanduku la Vitabu: Habari za Maktaba Zilizowafuata Watu Vijijini

Neno maktaba likitajwa, wengi wetu hufikiri mara moja nyumba kubwa ya mjini, yenye rafu nyingi na kimya kingi. Fikira hiyo si mbaya, illa ina upungufu. Kwa watu wa vijijini katika nchi yetu, maktaba haikuanza kuwa nyumba. Ilianza kuwa sanduku. Nasi tulio walimu huku Kongwa, ambako kijiji na kijiji hutengwa na pori na makorongo makavu, twaona yafaa kuikumbuka habari hiyo. Maana ndani yake mna swali lisilotuacha mpaka leo: mtu akiisha kufundishwa kusoma, atasoma nini?

Tuanze na siku za kale kidogo. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na shule zikaanza polepole. Kongwa nako, kabla ya Vita Kuu ya kwanza, kulifunguliwa chuo cha kuwafundisha walimu na waeneza Injili. Watu waliojua kusoma walikuwa wachache, na vitabu vilikuwa vichache kuliko wao. Lakini magazeti ya Kiswahili yalikuwa yamekwisha kuanza: Msimulizi lilipigwa chapa Unguja tangu mwaka 1888, Kiongozi likatokea Tanga mwaka 1904, na Mambo Leo likaanzishwa na Serikali huko Dar es Salaam mwaka 1923. Desturi ya siku zile ilikuwa mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, wakiuliza na kujibizana. Basi gazeti moja lilipita mikono mingi na kuingia masikio mengi zaidi. Desturi hiyo tuitie moyoni, maana tutairudia.

Vita Kuu ya pili ilipokwisha, watawala walitambua kwamba shule zilikuwa zikitoa wasomaji ambao hawana vitabu. Bibi Elspeth Huxley alitakiwa kuchunguza jambo hilo, na baada ya ushauri wake likaanzishwa mwaka 1948 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi na mkuu wake akiwa Bwana Charles Richards. Kazi yake kubwa ilikuwa kutoa vitabu katika Kiswahili na lugha nyingine zetu. Lakini liliona upesi kwamba kupiga chapa hakutoshi, kwa kuwa kitabu kilichokaa katika duka la Nairobi hakimfai mtu wa Mlali wala wa Hogoro. Ndipo likafanya maktaba za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa sanduku la vitabu lililopelekwa shuleni, au katika chama, au katika nyumba ya mikutano, likatunzwa na mtu wa mahali pale, kisha likabadilishwa kwa sanduku jingine. Ya pili ilikuwa maktaba ya posta: msomaji aliandika barua akitaja kitabu anachokitaka, nacho kikaletwa na gari la moshi au basi pamoja na barua za watu. Hivyo karani au mwalimu aliyekaa mbali na mji aliweza kuazima kitabu bila kufunga safari.

Katika miaka ile ile Kongwa yetu ilipata sifa duniani kote kwa jambo jingine, yaani karanga. Mwaka 1947 matrekta yalianza kung'oa vichaka, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali mpaka Kongwa. Shauri lililofanywa Uingereza lilitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 25. Wazee wa Kigogo waliujua udongo huu na mvua zake: mvua ni ya msimu mmoja, tena haina ahadi, na udongo wa mfinyanzi ukikauka huwa mgumu kama sakafu, hata karanga zilizokwisha kukomaa haziwezi kung'olewa. Mwaka 1951 shauri lile likaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Wenyeji husema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Habari hii ya karanga haikutoka njiani. Tumeileta kwa makusudi, nasi tutaonyesha jinsi inavyohusu vitabu.

Mwaka 1960 Bwana Sidney Hockey, mtaalamu wa maktaba, aliandika ushauri juu ya maktaba za Afrika Mashariki, akashauri kila nchi iwe na bodi yake. Tanganyika ikatunga sheria yake mwaka 1963, na kazi ikaanza mwaka 1964 chini ya Bwana Max Broome. Desemba 1967 Rais Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa huko Dar es Salaam. Baadaye uongozi ukashikwa na Mtanzania, Bwana Ezekiel Kaungamno, na sheria mpya ya mwaka 1975 ikaipa Bodi ya Huduma za Maktaba kazi pana zaidi. Maktaba za mikoa zilijengwa moja baada ya moja, na Dodoma ikapata yake. Lakini wakulima wengi walikuwa vijijini, na mji wa mkoa ulikuwa mbali nao.

Hapo likaja jambo kubwa. Mwaka 1967 ilihesabiwa kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Walimu wa shule za msingi, wakiisha kufundisha watoto asubuhi, walifundisha wazazi wao jioni, chini ya miti na katika vyumba vya shule. Watu waliokuwa wakitia dole gumba walianza kutia sahihi. Ilipofika mwaka 1975, waliokuwa hawajui walikuwa 39 katika 100. Mwaka 1977 walikuwa 27. Na mwaka 1986 ikatangazwa kwamba wamebaki chini ya 10. Wala watu hawakufundishwa herufi tu. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya: kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa njia iyo hiyo. Tazameni, ni ile desturi ya zamani: mmoja asoma, wengine wasikia, na wote watenda.

Lakini aliyejua kusoma jana bila kitabu leo, kesho amesahau. Jembe lisipolimiwa hushika kutu. Kwa sababu hiyo Serikali na Bodi ya Maktaba walianzisha maktaba za vijijini. Mapatano yalikuwa rahisi: kijiji kitoe chumba na rafu, na mtu wake mwenyewe wa kutunza, aghalabu mwalimu wa shule, Serikali ilete vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vyepesi, vya herufi kubwa: ukulima wa mahindi, ufugaji wa ng'ombe, malezi ya watoto wachanga, siasa, hadithi. Wakati huo Wagogo wengi walikuwa wamehamishiwa katika vijiji kwa Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa mara ya kwanza familia nyingi zilikaa karibu na shule. Maktaba za vijijini zikaongezeka nchini hata zikahesabiwa kwa maelfu.

Je, ziko wapi leo? Hatuna budi kusema kweli. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 nchi ilipata shida: bei ya mafuta ilipanda, vita na majeshi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha, karatasi ikaadimika, na magari yakakosa vipuri. Vitabu vipya vikaacha kuja. Vile vya zamani vililiwa na mchwa, au vikasomwa hata vikachanika. Mtunzaji akaona hana cha kutunza, na chumba kikageuzwa kuwa ghala. Sensa ya mwaka 2002 ilipofanywa, watu wazima karibu 3 katika 10 walikuwa hawajui kusoma. Ni kweli hesabu hizi mbili, ya mwaka 1986 na ya 2002, hazikupimwa kwa njia moja; hata hivyo zatuonya. Kazi ya kusomesha haimaliziki siku ya kutoa cheti.

Wengine hudhani maktaba hizo zilikufa kwa ukosefu wa fedha tu. Sisi twaona sababu ya pili, nayo ni ile ya karanga. Mara nyingi vitabu vilichaguliwa mbali, na mtu asiyejua kama kijiji kinalima uwele au migomba. Kijiji kikipewa vitabu visivyokihusu, vitakaa rafuni vikiwa safi mpaka mchwa wavione. Lakini mkulima anayepeleka mahindi yake soko la Kibaigwa angependa kujua habari za mizani, bei na kuhifadhi nafaka. Na mama mwenye mtoto mchanga ana maswali yake. Hao wakiulizwa kwanza, kitabu hakitakaa.

Yafaa pia tuwatazame jirani zetu wakaao katika nchi kavu kama yetu. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ya Kenya ilianza huko Garissa kupeleka vitabu kwa wafugaji wahamao, juu ya migongo ya ngamia. Ngamia mmoja huchukua masanduku ya vitabu, mwingine huchukua hema, na mahali pa kituo hema hupigwa, mikeka hutandikwa, na watoto hukaa kusoma. Katika wilaya ya Nkayi, nchini Zimbabwe, tangu miaka ya 1990 vitabu huvutwa kwa mikokoteni ya punda. Sisi Ugogo hatuna ngamia, lakini ni nani asiyemjua punda? Ndiye atuleteaye maji na mahindi. Madumu ya maji anayoyabeba kila siku ni mazito kuliko sanduku la vitabu.

Hapa nchini nako kazi haikusimama. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, ukiwatia moyo waandishi na wachapaji wetu na kuvifikisha vitabu vya Kiswahili shuleni. Chuo cha Bagamoyo chafundisha wakutubi. Bodi ya Maktaba yaendelea na kazi yake, na yashauri wale wanaotaka kuanzisha maktaba katika shule na vijiji. Basi mlango haukufungwa.

Katika historia hii twapata mafundisho matatu. La kwanza, maktaba ni mtu kabla ya kuwa nyumba. Sanduku lililotunzwa na mwenye bidii lilifanya kazi kuliko chumba kizuri kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo u mfukoni mwa mtu aliyesafiri. La pili, ni lazima vitabu vibadilishwe. Shule ya Mkoka ikiwa na vitabu 40 na ya Sagara ina 40 vingine, zikibadilishana kila muhula, watoto wa pande zote mbili wamepata 80 bila kulipa hata senti. La tatu, kisomo cha watu wote hakidharau asiyejua kusoma. Jioni moja katika juma, kijana wa darasa la saba akiwasomea wazee kwa sauti habari za ugonjwa wa mifugo, wazee nao wakimsahihisha mahali ambapo kitabu hakikuijua nchi yetu, wote wawili wamefundishwa.

Twajua wako watakaosema, tungojee mpaka tujengewe. Lakini wazee wetu wa kisomo hawakungojea. Walisoma chini ya mbuyu kwa mwanga wa kibatari. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya mvua za Desemba, ambapo kila mtu huingia shambani, iko miezi ya kiangazi ambayo watu wana nafasi ya kukaa pamoja. Miezi hiyo yatosha kwa kijiji kuchagua mtunzaji, kufanya sanduku lenye kifuniko kizuri, kuliweka juu ya mawe ili mchwa wasilifikie, na kuwauliza watu wake wataka kusoma nini. Majibu yao yaandikwe katika daftari. Daftari hilo ndilo la kumpelekea mkutubi wa Dodoma, naye atajua vitabu vya kutafuta.