Habari za Makazi: Tulivyohama, Walivyohamishwa Wenzetu, na Yatupasayo Tarasaa



Ni desturi ya taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, kuwa na kurasa chache za habari za kale. Safari hii tumechagua habari za makazi: jinsi watu wa Mto Tana walivyojenga na kuhama, jinsi watu wa miji mingine ya Afrika ya Mashariki walivyobomolewa mitaa yao ili ijengwe upya, na ni nani waliofaidika na nani waliokosa. Sababu ni dhahiri. Tarasaa inakua. Mahali penye barabara, shule na maduka hapakosi kupimwa viwanja, na viwanja vikisha kupimwa huja ramani za nyumba mpya. Kijana akiitazama ramani hufurahi kuona njia zilizonyoka. Mzee akiitazama huuliza, "Na nyumba yangu mimi i wapi humu?" Wote wawili wana haki, wala kurasa hizi hazikuandikwa kumpinga mmoja wao.

Kuhama si jambo geni kwetu. Tangu zamani Wapokomo walijenga vijiji vyao kwenye kingo za mto, mahali palipoinuka kidogo, wakalima mpunga, mahindi na ndizi kwa maji ya mafuriko. Mto wenyewe haukai mahali pamoja. Hukata njia mpya na kuiacha ya zamani ikikauka. Hata mkono wa binadamu umewahi kuugeuza, maana katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na Ozi, na baadaye maji mengi ya Tana yakafuata njia hiyo hata baharini Kipini. Kijiji kilichoachwa na mto kilihama kuufuata, na kijiji kilichovamiwa na maji kilihama kuyakimbia.

Lakini angalieni utaratibu wake. Mashamba yaligawanywa vipande vilivyoanzia mtoni kuelekea nyuma, na kila ukoo ulijua kipande chake. Nyumba ya majani ilijengwa upya upesi, na miembe iliyopandwa ilibaki kuwa ushahidi. Likitokea shauri, wazee wa Gasa waliketi, wakasikiliza pande zote, wakaamua. Kwa hiyo mtu aliweza kuhama nyumba bila kupoteza haki yake ya ardhi.

Nao majirani zetu Waorma, wafugaji wa ng'ombe, walikuwa na njia zao za kushushia mifugo mtoni, ziitwazo malka. Malka haikuwa na ukuta wala hati, lakini kila mtu alijua ilipo, na mwenye kuilima alijua kwamba anatafuta ugomvi. Twaweza kusema basi kwamba bonde hili lilikuwa na ramani yake kabla hajaja mpimaji. Ramani hiyo ilikuwa katika vichwa vya wazee, na upungufu wake ulikuwa huo mmoja tu, kwamba haikuandikwa.

Upungufu huo ulikuja kuwadhuru watu wa Pwani mapema sana. Mwaka 1908 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa Pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze na kuthibitisha madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Waliokuwa karibu na maofisa, waliojua kusoma, au waliokuwa na vyeti vya kadhi, waliandikiwa. Wengi waliokuwa mashambani hawakupata habari, au waliipata muda umekwisha. Hapo ndipo ulipopandwa mzizi mmoja wa taabu ambayo Pwani huisema hata leo, yaani watu kuitwa wavamizi mahali walipozikwa babu zao. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuangalie sasa miji, ambako watoto wetu wengi walikwenda kutafuta kazi.

Nairobi ilipokuwa changa palikuwa na kijiji cha Pangani, kilichojengwa na Waafrika wenyewe kwa fedha zao. Baraza la mji lilitaka kukiondoa, na mapema katika miaka ya 1920 likaweka mtaa wa Pumwani kuwa mahali pa Waafrika. Huko mtu alipewa kiwanja, akajenga nyumba ya udongo yenye vyumba kadha wa kadha, akalipa kodi ya kiwanja kila mwaka, naye akapangisha vyumba. Wenye nyumba wasio wachache walikuwa wanawake waliojitafutia riziki kwa jasho lao. Mwisho wa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa kabisa, na watu wake wakasogezwa Pumwani na Shauri Moyo. Miaka mingi baadaye, uliponenwa mpango wa kuijenga upya Pumwani yenyewe, swali lililokuwa gumu kuliko saruji na mabati lilikuwa hili: nyumba mpya ni ya nani? Ni ya yule aliyejenga kuta juu ya ardhi isiyo yake, au ni ya mpangaji aliyeishi humo miaka thelathini? Lilikuwa swali la kuamuliwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, maana likichelewa huzaa kesi.

Mombasa nako kulikuwa na desturi ya nyumba bila ardhi. Katika mitaa kama Majengo mtu alijenga nyumba yake ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na baraza mbele, naye akamlipa mwenye shamba ada ya ardhi mwezi kwa mwezi. Desturi hiyo iliwapa makao maelfu ya watu wenye kipato kidogo. Lakini mwenye ardhi alipotaka kujenga ghorofa, au alipoiuza ardhi kwa mwingine, mwenye nyumba alibaki na mabati yake na milango yake.

Unguja yalifanyika kwa namna nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilikusudia kuibadili Ng'ambo, na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wakatengeneza ramani ya mji mwaka 1968. Nyumba nyingi za udongo zikabomolewa, na mahali pake yakajengwa majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani. Waliobomolewa walipewa nyumba humo bila kulipa, na kwa hilo Zanzibar yastahili kusifiwa. Hata hivyo kulikuwa na hasara nyingine. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza, ambapo wazee waliketi jioni, habari zilipita, na mtoto wa jirani aliyekosea alikanywa. Ghorofa ya tano haina baraza ya namna hiyo. Mtu alipata sakafu ya saruji, akapungukiwa na majirani aliowazoea. Twayaandika haya si kwa kuyadharau majumba yale, bali kuonyesha kwamba mchora ramani akihesabu vyumba tu, na asihesabu mahali pa kukutania watu, kazi yake haijakamilika.

Habari iliyo karibu nasi kuliko zote ni ile ya Bura, katika mto huu huu wetu. Mwisho wa miaka ya 1970 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianza mradi mkubwa wa kumwagilia pamba. Ilikusudiwa kulima kiasi cha hekta 6,700 na kukalisha familia zaidi ya 5,000. Vijiji vilichorwa na wataalamu, na mapema katika miaka ya 1980 familia kutoka sehemu nyingi za nchi zikaanza kuwasili. Gharama zikapanda mno. Mwishoni zililimwa kiasi cha hekta 2,500 tu, na familia zilizokaa zilizidi 2,000 kidogo. Walikuwa wapangaji wa mradi, hawakuwa na hati. Mwisho wa miaka ya 1980 mitambo ya kupandisha maji ilipoharibika, mimea ilikauka, na mkulima hakuwa na ardhi ya kuuza wala ya kuweka rehani ili aanze maisha kwingine. Zaidi ya hayo, ardhi iliyochukuliwa ilikuwa malisho na njia za mifugo tangu kale. Katika ramani ilionekana tupu, kwa kuwa aliyeichora hakumwuliza mfugaji.

Mfano wa siku hizi ni wa Buxton, Mombasa, mtaa wa nyumba za kupanga uliojengwa zamani za ukoloni. Mwaka 2021 nyumba zile kuukuu zilibomolewa ili yajengwe majumba ya ghorofa. Wapangaji, familia zipatazo 500 na zaidi, walipewa fedha za kupanga kwingine, na wapo waliokwenda mahakamani kabla ya kubomolewa. Majumba mapya ni mazuri kwa macho. Lakini nyumba mpya huuzwa kwa bei, na anayeshindwa kuilipa bei hiyo hubaki na zile fedha za kupanga, ambazo siku moja zitakwisha.

Ndugu zangu, tukiziweka habari hizi pamoja twaona jambo moja. Mara nyingi aliyebaki na makao baada ya mtaa kujengwa upya si yule aliyekaa hapo siku nyingi kuliko wengine, wala si yule aliyelalamika sana. Ni yule ambaye jina lake na haki yake viliandikwa kabla ya kazi kuanza. Michenzani waliobomolewa walijulikana kuwa ndio watakaopewa, wakapewa. Bura mfugaji hakuandikwa, akapoteza malisho, na mkulima aliandikwa kuwa mpangaji, akabaki mpangaji.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu mbili.

Kwanza ni maji. Mafuriko makubwa ya 1961, ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale yaliyoanza mwisho wa 2023 na kurudi 2024, kila mara yaliwatoa watu kingoni mwa mto. Kila yanapokuja, watu hutazama ardhi iliyoinuka. Basi mpango wa makazi katika nchi yetu ni lazima uanze kwa kuuliza maji hupita wapi, na wale watakaokimbia maji watapokewa wapi. Kiwanja kilichopimwa katika mkondo wa zamani wa mto ni deni litakalodaiwa na mto wenyewe.

Pili ni amani. Kuanzia Agosti 2012 hata mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika Delta hii, Wapokomo kwa Waorma, wanawake na watoto wakiwamo. Siasa ilitajwa, lakini ardhi na maji vilikuwamo ndani yake. Mwaka huo wa 2013 Mahakama Kuu iliagiza mpango wa matumizi ya ardhi ya Delta ufanywe pamoja na wananchi wenyewe, na mpango huo ukakamilika mwaka 2015. Kwa hiyo mtu atakayechora mtaa mpya na kuiziba malka, au kuchukua mashamba ya mpunga bila kuwaita wenyewe, anachezea damu iliyokwisha kumwagika.

Sheria nazo zimebadilika tangu 1908, nasi tuzijue. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yairuhusu jamii kuandikishwa pamoja na orodha ya watu wake na kupewa hati. Jamii ikisha kuandikishwa, ardhi yake haitolewi ila kwa kura ya theluthi mbili za wanachama wazima walioandikishwa. Ardhi ya jamii isiyoandikishwa hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa amana. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 yataka wananchi watangaziwe mpango na wapewe nafasi ya kutoa maoni. Na tangu mwaka 2024 iko Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu, ambayo kwayo wafanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ili nyumba zijengwe. Tunayalipa basi hayo majengo mapya, hata watoto wetu walio mbali, na anayelipa ana haki ya kuuliza.

Kwa hayo yote, twawaomba Wanachama mambo manne. Kila mwenye nyumba aandike jina lake, mwaka aliojenga, mipaka yake na majirani zake wanne, aweke nakala mbili mahali pawili. Wapangaji nao waandikwe, wala wasionekane kuwa wapitaji tu. Wajane na mabinti wasiachwe nje ya daftari, maana ardhi ya marehemu ndiyo hupotea kwanza. Na wazee wa Gasa pamoja na wazee wa Waorma waombwe kuzitembelea malka na mikondo ya maji kwa miguu, vijana wakifuatana nao na kalamu, maadamu wazee hao wangali nasi na macho yao yangali yanaona.

Ramani ya wazee ilitulinda kwa muda mrefu, na sasa yafaa iingie katika karatasi, ili siku mpimaji atakapofika Tarasaa na vyombo vyake akute daftari liko tayari mezani, na wenye majina yao wameketi kumngoja.

Wasalaam.