Msaidizi wa uzamiaji katika kituo cha utafiti wa bahari: kazi yake, hatari zake na maswali ya kuuliza kabla ya kuikubali

Kijana aliyekulia pwani, anayezama mita 10 kwa pumzi moja na kuibuka na pweza mkononi, akisikia kwamba kituo cha utafiti wa bahari kinatafuta msaidizi wa uzamiaji, husema palepale: "Hiyo kazi ni yangu." Huenda ikawa yake kweli. Anaijua bahari, haogopi maji na anaweza kushika usukani wa boti. Lakini kupiga mbizi kwa pumzi na kuzamia kwa mtungi wa hewa ni kazi mbili tofauti, na mazoea ya ile ya kwanza yanaweza kumuua mtu katika ile ya pili.

Katika makala haya tunaeleza msaidizi huyo anafanya nini, hatari iko wapi, na mambo ya kuuliza kabla ya kutia saini.

Kwa nini vituo vinahitaji wazamiaji

Katika mwambao wetu utafiti wa bahari si jambo geni. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978. Taasisi ya Kenya ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, yenye makao makuu Mombasa, ilianzishwa mwaka 1979. Watafiti hupima matumbawe, huhesabu samaki, huchunguza majani ya bahari na hufuatilia joto la maji.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Ili kujua kama mwamba unapona, lazima watu warudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka, watandaze kamba ya kupimia na kuandika wanachokiona. Watafiti wengi huja kwa wiki au miezi michache, kisha huondoka. Msaidizi hubaki, na ndiye anayekumbuka alama ya mwamba iko wapi na mkondo hugeuka saa ngapi.

Siku ya kazi ilivyo

Kazi huanza jana yake, kwa kuangalia mwezi na jedwali la maji. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na mkondo kwenye mikondo ya visiwa huwa mkali. Nusu ya mwezi huleta maji mafu, na bahari hutulia. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50, hivyo saa iliyofaa Jumatatu haitafaa Ijumaa. Msaidizi huangalia pia upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, upande wa mashariki wa kisiwa unaweza usifikike kabisa.

Kisha kuna mitungi. Watu wengi hudhani ndani yake mna oksijeni tupu. Mna hewa ya kawaida, kama hii tunayovuta, iliyoshindiliwa kwa kompresa. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi geji isome 200, umebeba hewa takriban lita 2,400. Anayejaza lazima ahakikishe mdomo wa kompresa unavuta hewa mbali na moshi wa injini, kwa sababu moshi una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kosa la nchi kavu humfikia mzamiaji akiwa chini ya maji.

Kwenye boti hupakiwa mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza, jaketi okozi, maji ya kunywa, mafuta ya akiba, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na bendera ya kuonyesha kwamba chini kuna watu. Hupakiwa pia daftari. Humo huandikwa nani ameshuka, saa ngapi, na geji yake ilisoma ngapi.

Wenzake wakiwa chini, anayebaki botini hapaswi kulala wala kuvua samaki. Anafuata mapovu kwa macho, anaangalia boti nyingine zisikaribie, na hawashi injini mpaka ajue kila mtu yuko wapi. Watu wakipanda, anahesabu kabla ya kung'oa nanga. Jioni vifaa vyote husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini.

Kwa nini usizuie pumzi

Anayepiga mbizi bila mtungi hujaza mapafu akiwa juu. Akishuka, maji huyaminya mapafu. Akipanda, hurudi kama yalivyokuwa. Kuzuia pumzi kwake ndiyo kazi yenyewe.

Mwenye mtungi anavuta hewa akiwa chini, na huko hewa imeminywa. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Chukua puto, lijaze kwa hewa ya mtungi ukiwa mita 10, lifunge, kisha liachie. Likifika juu litakuwa limetanuka mara mbili, au limepasuka. Mapafu ya mtu aliyezuia pumzi wakati wa kupanda hufanya vivyo hivyo, hata kama ametoka mita chache tu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mtungi ni kupumua muda wote, bila kukatisha.

Hatari ya pili ni naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa. Kadiri mtu anavyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo inavyoyeyuka mwilini. Akipanda haraka, hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, hata kushindwa kukojoa. Wapo wazamiaji wa jongoo bahari, waliopewa mitungi bila mafunzo, waliopooza hivyo.

Dalili zinaweza kuanza saa kadhaa baadaye, mtu akiwa nyumbani. Hapo wengine hudhani amepatwa na jini la bahari, na siku zinapotea. Alazwe chali, apewe oksijeni kama ipo, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na daktari aambiwe wazi kwamba alizamia kwa mtungi. Tiba yenyewe hufanyika ndani ya chumba maalumu cha mgandamizo, na vyumba hivyo ni vichache. Asirudishwe majini kwa kudhani atapona.

Kwa sababu hiyo wazamiaji hupanda polepole, wasizidi mita 9 kwa dakika, na husimama kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Hawazami peke yao. Hufika juu geji ikiwa bado inasoma 50. Na mgeni aliyezamia siku kadhaa mfululizo husubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Neno "leo hatuzami"

Mtafiti ana siku chache na fedha za watu. Msaidizi ni mwenyeji, mara nyingi ni mdogo kwa umri na kwa mshahara. Asubuhi ambayo mkondo umechachamaa, si rahisi kumwambia mgeni aliyetoka mbali kwamba safari imevunjika.

Lakini uzamiaji una desturi inayomlinda. Mzamiaji yeyote anaweza kusimamisha uzamiaji wakati wowote, kwa sababu yoyote, na asiadhibiwe. Kituo kizuri huiandika kanuni hiyo na kuifuata. Kituo kinachomnunia msaidizi kwa sababu alisema "leo hatuzami" kinamfundisha kunyamaza, na siku moja ukimya huo utagharimu mtu.

Kabla ya kukubali kazi

Uliza nani atalipia mafunzo. Cheti cha kwanza kwa kawaida huruhusu kushuka hadi mita 18. Baada yake tafuta cheti cha uokoaji na cha huduma ya kwanza ya oksijeni. Vyeti hivyo viwe kwa jina lako na vikae kwako.

Uliza kuhusu uchunguzi wa daktari. Usifiche pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au matatizo ya masikio. Mama mjamzito hazamii kwa mtungi.

Uliza kama bima inalipa matibabu ya chumba cha mgandamizo na safari ya kufika huko. Uliza kama oksijeni ipo botini kila siku, na nani hupigiwa simu ajali ikitokea. Uliza pia kama utalipwa siku ambazo bahari imechafuka. Majibu yawe ndani ya mkataba.

Kazi hii si ya wanaume peke yao. Kina mama wanaolima mwani na wanaotafuta pweza wanajua maji kupwa na kujaa kuliko wengi wetu. Na asiyetaka kuzama bado anaweza kuendesha boti, kutunza kompresa na kushika daftari.

Kama kwenu yupo anayetafuta jongoo bahari kwa mtungi bila kufundishwa, msomee sehemu ya pumzi na naitrojeni leo, kabla hajatoka tena.